Malezi ya kambo nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubora wake, jinsi ya kuupima na jinsi ya kuuinua

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka kadhaa nikiwa mhudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto huku Pwani: kwenye baraza la chifu, kwenye mafunzo ya walezi, na mara nyingine kwenye foleni ya ofisi wakati afisa ametoka. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yanayoumiza kichwa. Mfano ni Kenya. Nchi nyingine nimezitaja pale tu zilipo na jambo la kuiga au la kuogopa. Kesi yako mwenyewe ipeleke kwa afisa wa watoto au kwa wakili.

## Mambo ya msingi

1. Malezi ya kambo ni nini? Ndiyo yale ya baba wa kambo?

La, ingawa neno lenyewe limetuponza. Baba wa kambo ni mume wa mama yako asiyekuzaa. Malezi ya kambo ya kisheria ni jambo jingine: mtoto aliyekosa ulinzi wa wazazi wake anawekwa katika familia ambayo haikumzaa, kwa muda, chini ya uangalizi wa Idara ya Huduma za Watoto. Mama mmoja aliwahi kusimama barazani akasema, "Mimi na mume wangu hatujaachana wala hatujafiwa, huyo mtoto wa kambo atatoka wapi?" Watu wakacheka, lakini fomu yake ilikaa miezi bila kujazwa kwa sababu ya neno hilo hilo.

Shika maneno mawili katika maelezo hayo: "kwa muda" na "chini ya uangalizi". Mtoto akikaa bila mwisho unaojulikana, au bila mtu kuja kumwona, hayo si malezi ya kambo tena. Huyo ni mtoto aliyeachiwa watu, tofauti ni kwamba ana karatasi yenye muhuri.

2. Yanatofautianaje na kuasili, kafala, na mtoto kulelewa na bibi yake?

Kuasili ni kwa kudumu na hupitia mahakamani: mtoto anakuwa wako kisheria, na uhusiano wa kisheria na wazazi wa awali unakatika. Katika malezi ya kambo wazazi hawajapoteza nafasi yao, na lengo la kwanza ni mtoto arudi kwao ikiwa ni salama. Kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua, ni ya familia za Kiislamu: unamlea kama wako, lakini anabaki na jina la baba yake na nasaba yake.

Kulelewa na bibi, shangazi au mjomba ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na ndiyo inayobeba watoto wengi zaidi bila afisa yeyote kujua. Ina maswali yake; tazama swali la 20.

3. Ni sheria na miongozo gani inayosimamia?

Mzizi ni kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi na kuweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine. Chini yake ipo Sheria ya Watoto Na. 29 ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo na kuifuta ile ya 2001. Kisha kuna mwongozo wa malezi mbadala ya kifamilia wa 2014, na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032. Watekelezaji ni Idara ya Huduma za Watoto, na sera inasimamiwa na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto.

Msomaji wa Tanzania Bara atafute Sheria ya Mtoto ya 2009 pamoja na kanuni za malezi ya kambo za 2012. Wa Zanzibar, Sheria ya Mtoto ya 2011. Huko utakutana pia na "familia za kuaminika", zinazompokea mtoto wa dharura kwa siku chache au wiki chache. Mengi ya ukurasa huu yanawahusu pia, ila vyeo na fomu ni tofauti.

4. Kwa nini ubora umekuwa gumzo sasa hivi?

Kwa sababu watoto wengi wanakaribia kuhamishwa. Makadirio ni kwamba zaidi ya watoto 45,000 wanaishi katika makao ya watoto nchini. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa miaka kumi unataka yaliyopo yabadilike, watoto waishi katika familia. Nia ni njema. Hofu yangu ni kwamba kufunga makao kunapigiwa picha na kuhesabiwa, lakini maisha ya mtoto mwaka mmoja baadaye hayapigiwi picha na mtu.

Kuna utafiti mmoja ambao watu wa fani hii huutaja sana, wa Bucharest, Romania, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto 136 waliokuwa katika taasisi waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwa familia za kambo. Waliokwenda kwenye familia walipiga hatua kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili. Wanaoutaja husahau kipande kimoja: familia zile zilisaidiwa kifedha, na wafanyakazi wa jamii walikuwa wakizitembelea na kuzishika mkono. Kilichofanya kazi ni familia pamoja na huo msaada. Huwezi kuchukua nusu ya dawa ukasema imethibitishwa.

## Kupima

5. Si tuhesabu tu watoto wangapi wamewekwa katika familia?

Hiyo ni hesabu ya kazi iliyofanywa na ofisi. Ubora ni kilichompata mtoto. Ukimwambia afisa kwamba atapimwa kwa idadi ya waliowekwa, atakuwekea watoto hao kabla ya mwisho wa robo mwaka, na Januari utaanza kusikia wamerudi, wametoroka, au wanachunga mbuzi.

Maswali ya ubora huanza afisa anapoondoka mlangoni. Je, mtoto alitembelewa? Yuko nyumba ile ile? Yuko salama? Yuko shuleni na anafuata darasa? Anawasiliana na ndugu zake? Kuna mpango wa lini ataondoka, na kwenda wapi? Na kuna swali moja ambalo silioni kwenye fomu nyingi: je, analelewa sawa na watoto wa nyumba hiyo? Kulinganisha na makao alikotoka hakusaidii. Linganisha na mtoto anayelala chumba cha pili.

6. Vipo vipimo vilivyokubaliwa kimataifa?

Vipo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasimama juu ya maswali mawili: je, ilikuwa lazima mtoto huyu atolewe kwao? Na kama ilikuwa lazima, je, mahali alipopelekwa panamfaa yeye? Mwaka huo huo UNICEF na washirika wake walitoa mwongozo wenye vipimo 15, 12 vya hesabu na 3 vya sera. Ndani yake kuna walioingia na waliotoka, vifo, mawasiliano na wazazi, kuwepo kwa mpango wa kila mtoto, mapitio ya mpango huo, kwenda shule, na njia ya mtoto kulalamika.

Kwa ofisi ya kaunti ndogo yenye maafisa wawili, vipimo 15 ni vingi. Mimi ningeanza na vinne: ziara za ana kwa ana zilizofanyika kati ya zile zilizopangwa, idadi ya mara mtoto amehama, watoto wenye mpango ulioandikwa na kupitiwa ndani ya miezi sita, na taarifa za kudhulumiwa mikononi mwa mlezi. Vikikaa sawa kwa mwaka mzima, ongeza.

7. Kuhamahama kunahesabiwaje?

Kwa siku, maana mtoto aliyekaa wiki moja na aliyekaa mwaka hawana nafasi sawa ya kuhama. Tuseme eneo lina watoto 40, na kila mmoja amekuwa katika malezi siku 180 za kipindi unachopima. Jumla ni siku 7,200. Kama kulikuwa na uhamisho 18, gawa 18 kwa 7,200 kisha zidisha kwa 1,000: ni uhamisho 2.5 kwa kila siku 1,000 za malezi. Marekani hutumia njia hii kwa kuhama, na kwa dhuluma huhesabu kwa kila siku 100,000 kwa kuwa matukio ni machache zaidi.

Tahadhari: namba ndogo si lazima iwe habari njema. Huenda mtoto hajahama kwa sababu hakuna nyumba nyingine ya kumpeleka. Huenda alihama na daftari halikujua: "amekwenda kwa shangazi likizo", na likizo ikawa ya miezi minne. Tena kuna kuhama kwa heri, kama kwenda kuishi na dada yake. Kwa hiyo kila uhamisho uandikwe na sababu yake, na aliyeuomba ni nani: mlezi, mtoto au ofisi.

8. Kwa nini mnasema takwimu za siku moja zinadanganya?

Chukua watoto kumi waliowekwa Januari. Tisa wamerudi kwao ndani ya mwezi, mmoja amekaa miaka miwili. Ukipita na daftari lako siku yoyote ya mwaka unaofuata, utamkuta huyo mmoja peke yake, na utaandika kwamba watoto wa eneo hili hukwama. Ukihesabu walioondoka ndani ya mwaka ule wa kwanza peke yao, utaandika kinyume: hapa kazi ni nzuri, wote walirudi kwao haraka. Yule aliyekwama hatakuwemo kabisa.

Dawa yake ni kuwafuata walioingia. Chukua wote walioingia mwezi fulani, kwa majina, uwafuate mpaka mwaka uishe: nani amerudi nyumbani, nani yupo, nani amehama mara ngapi, nani hajulikani alipo. Safu ya "hajulikani alipo" usiifute hata kama inaaibisha. Kenya ina mfumo wa kompyuta wa taarifa za ulinzi wa watoto, unaoweza kufanya kazi hii, lakini utatoa tu ulichoingiza.

9. Faili nzuri si ushahidi wa kazi nzuri?

Faili nzuri ni ushahidi wa faili nzuri. Nimewahi kushika moja yenye fomu sita za ziara, wino ule ule, mwandiko ule ule, na sentensi moja imerudiwa mara sita: "Mtoto anaendelea vyema." Nilipomuuliza mlezi afisa alikuja lini mara ya mwisho, alijibu kwa upole kabisa, "Hupiga simu." Sikumlaumu afisa sana. Pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta tangu mwezi uliopita, na nauli ya boda boda hadi kijiji kile ilikuwa itoke mfukoni mwake.

Fomu ya ziara iwe na mambo ambayo huwezi kuyajua kwa simu: mtoto analala wapi na na nani, alikuwa amevaa nini miguuni, daftari la hesabu limefika ukurasa gani, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Anayejaza hayo bila kufika, atakuwa ametunga, na kutunga huonekana haraka kuliko kunakili.

10. Nani anafaa kufanya tathmini?

Si yule anayeweka watoto, au angalau asiwe peke yake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Uingereza, kwa upande wa England, kuna mkaguzi wa nje, Ofsted, anayekagua mashirika ya malezi ya kambo na kuchapisha matokeo kila mtu asome. Kuna pia afisa huru wa mapitio kwa kila mtoto, ambaye hasimamii kesi ile.

Marekani, tangu 2001, serikali kuu hupitia majimbo kwa matokeo saba, mawili ya usalama, mawili ya mtoto kuwa na makazi ya kudumu, na matatu ya ustawi. Mapitio hayaishii kwenye takwimu. Wanachagua kesi, wanasoma faili, kisha wanamhoji mtoto, mzazi, mlezi na afisa wa kesi hiyo hiyo. Katika awamu ya kwanza hakuna jimbo hata moja lililofaulu matokeo yote saba. Mimi nalipenda jambo hilo: nchi tajiri ilijipima, ikaanguka, ikatangaza.

Kwetu, kaunti mbili zinaweza kubadilishana wakaguzi bila kungoja taasisi mpya. Sharti ni moja: kesi zichaguliwe kutoka kwenye rejista, kwa bahati nasibu, na mgeni mwenyewe. Usikubali faili zilizopangwa mezani zikikungoja.

11. Mtoto mdogo unamuulizaje kuhusu "ubora"?

Usimuulize kuhusu ubora. Usimuulize hata kama ana furaha, maana atatazama mlango kwanza. Muulize vitu: Jana usiku ulilala wapi? Nani anakuamsha? Unafanya nini kabla ya kwenda shule? Ukiumwa tumbo usiku unamwita nani? Siku ya mwisho kuongea na mama ilikuwa lini? Yule afisa wako anaitwa nani?

Swali la mwisho linachukua sekunde tatu na linapima mfumo mzima. Mtoto asiyejua jina la afisa wake hana wa kumwambia chochote.

Ongea naye mnapotembea kwenda dukani au mkicheza bao, mbali na sikio la mlezi, lakini mahali mnapoonekana. Usiahidi siri, mwambie mapema kwamba akikueleza anaumizwa, utamwambia mtu wa kumsaidia.

## Kuinua

12. Fedha ni chache. Tuanzie wapi?

Kwenye nauli, na simo katika utani. Mafunzo, mabango na mabegi ya semina hupata wafadhili. Mafuta ya pikipiki hayana mfadhili. Lakini ziara ndiyo inayogundua kila kitu kingine. Ningetenga kwanza fedha za ziara, nikazifungia zisiguswe, kisha ndipo niulize kilichobaki.

Ziara zenyewe zijae mwanzoni. Wiki za kwanza ndizo za kulia usiku, kukojoa kitandani, kuiba sukari, na mlezi kujiuliza amejitia katika nini. England hutaka mtoto aonwe ndani ya wiki ya kwanza, kisha angalau kila baada ya wiki sita katika mwaka wa kwanza. Ratiba hiyo kwetu ni ngumu, lakini wiki ya kwanza haina udhuru.

13. Je, mlezi wa kambo alipwe?

Swali hili huvunja mikutano. Upande mmoja husema ukilipa utavuta wafanyabiashara. Wa pili husema usipolipa utapata matajiri tu, na watoto wetu hawatoki kwa matajiri.

Nionavyo mimi, tofautisha mshahara na gharama za mtoto. Sare, karo, chakula, nauli ya hospitali: hizo mtu maskini mwenye moyo hawezi kuzibeba peke yake, na akishindwa anayerudishwa ni mtoto. England ina kiwango cha chini cha posho kinachofuata umri wa mtoto na eneo. Hapa kwetu fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya, za yatima na watoto walio katika mazingira magumu, Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya, zilibuniwa kwa kaya maskini. Si posho ya malezi ya kambo na zisihesabiwe hivyo. Ukiweza kulipa karo moja kwa moja shuleni na kumkatia mtoto bima ya afya, umeshaondoa nusu ya mzigo bila kumpa mtu bahasha.

Na hofu ya wafanyabiashara? Jibu lake ni ziara, swali la 12. Kunyima fedha hakumchuji mtu mbaya. Anayetafuta kijakazi wa bure hahitaji posho.

14. Walezi wachujweje?

Karatasi ni lazima: kitambulisho, cheti cha polisi cha tabia njema, barua ya chifu, ripoti ya ziara ya nyumbani. Lakini barua ya chifu huandikwa kwa dakika mbili. Zungumza na mwalimu wa watoto wake, na mwenye duka anayemkopesha, na watoto wake wenyewe, ambao mara nyingi hakuna aliyewauliza kama wanataka mgeni kitandani mwao. Muulize mwombaji: mtoto akirudi kwa mama yake baada ya miezi minane, utajisikiaje? Anayejibu "hapana, huyu ni wangu" anatafuta kuasili. Si vibaya, ila mpeleke dirisha linalofaa.

15. Kuna nchi jirani iliyofaulu?

Rwanda hutajwa, na kwa haki. Uchunguzi wa 2012 ulikuta watoto 3,323 katika taasisi 33, na kuanzia 2013 mpango wa kuwarudisha katika familia ukaanza. Jambo la kuiga ni macho ya karibu: kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia. Nchi nzima ni karibu watu 30,000. Afisa akiwa mbali, wao wapo.

Ila kumbuka kwamba wa kujitolea huchoka, na jirani anayekagua anaweza pia kusengenya. Mtoto hapaswi kusikia habari za mama yake kisimani. Wafunzwe kutunza siri, na wawe nyongeza ya afisa. Wasiwe mbadala wake.

16. Mafunzo ya walezi yawe ya siku ngapi?

Siku si hoja. Siku mbili kabla ya mtoto kuja na moja baada ya mwezi zinafaa kuliko tano za mfululizo hotelini. Kundi la walezi linalokutana kila mwezi, hata chini ya mwembe, hufundisha zaidi ya msemaji yeyote.

## Hali ngumu

17. Tutajuaje kama mtoto amegeuzwa mfanyakazi wa nyumbani?

Nenda asubuhi mapema, usiende saa nne. Niliwahi kupita nyumba moja saa kumi na mbili unusu: watoto wawili wa nyumba walikuwa wakinywa chai, na wa tatu alikuwa anatoka kisimani na mtungi wa lita 20, sare yake bado kwenye kamba, mbichi. Katika faili yake ile sentensi ya swali la 9 ilikuwepo.

Kazi za nyumbani si kosa. Kila mtoto huosha vyombo. Tazama kama zinagawanywa. Rejista ya shule pia husema: mtoto anayechelewa kila Jumatatu, siku ya kufua, anakueleza jambo.

18. Ndugu wanne, hakuna nyumba inayowachukua wote. Tuwatenganishe?

Kanuni ni kuwaweka pamoja isipokuwa kuna sababu ya kiusalama. Ikishindikana, wawili wawili katika kijiji kimoja ni bora kuliko wanne katika kaunti nne, na ratiba ya kuonana iandikwe kwenye mpango, na nani atalipa nauli. Isipoandikwa, haitatokea.

19. Na mtoto mwenye ulemavu?

Hawa ndio wanaobaki makaoni wa mwisho, na takwimu za jumla huwaficha. Kila kipimo kigawanywe: wenye ulemavu na wasio nao. Mlezi apewe kwanza vitu, yaani kiti cha magurudumu, nepi, miadi ya tiba ya viungo, ndipo aombwe kujitolea.

20. Mtoto anayelelewa na bibi yake bila karatasi yoyote aingizwe kwenye mfumo?

Hapa nasita. Bibi amelea vizuri miaka sita, kisha anatokea afisa na fomu ya kurasa nane, na bibi anadhani mjukuu anachukuliwa. Nimeona mtoto akihamishwa usiku kwenda kwa jamaa mwingine kwa hofu hiyo.

Wazo langu ni kumpa bibi huduma bila kumtia chini ya ukaguzi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kuandikishwa shule, na karatasi inayomruhusu kumpeleka hospitali na kuamua kwa niaba yake. Ukaguzi uje pale penye taarifa ya dhuluma. Wataalamu wengine wanataka wote waandikishwe, na wana hoja: jamaa pia huumiza. Lakini ofisi isiyoweza kuwatembelea watoto ilionao tayari isijiongezee maelfu kwenye karatasi.

21. Mlezi amechoka, anataka kumrudisha mtoto wiki hii. Je, ni mlezi mbaya?

Si lazima. Muulize aliomba msaada lini kwa mara ya kwanza. Mara nyingi alishapiga simu tatu. Familia ya kupumzikia, inayomchukua mtoto wikendi moja kwa mwezi, ingeokoa nyingi ya kesi hizi. Mtoto akilazimika kuondoka, aelezwe na mtu anayemjua, aage, na abebe vitu vyake vyote, pamoja na picha.

22. Akifikisha miaka 18?

Sheria inamwona mtu mzima. Yeye anajiona mtoto aliyefukuzwa. England iliweka mwaka 2014 utaratibu wa kijana kubaki kwa mlezi hadi miaka 21 wote wakikubali. Kwetu mpango uanze akiwa na miaka 15 au 16: kitambulisho cha taifa, ufundi, akaunti, na atakakokwenda sikukuu. Kitambulisho hasa, kwa kuwa asiye na cheti cha kuzaliwa wala jamaa wa kumthibitisha husota sana.

23. Watoto wakimbizi wa Kakuma na Dadaab wamo?

Sheria inamlinda kila mtoto aliye nchini. Kambini familia za walezi hupangwa zaidi na mashirika, mara nyingi kwa kufuata lugha na ukoo, na utafutaji wa ndugu waliopotezana huendelea sambamba. Vipimo ni vile vile vya swali la 6, na kuhamahama ni muhimu zaidi, maana wameshahama sana.

24. Nimemlea kwa kambo, sasa nataka kumwasili. Naweza kuruka foleni?

Muda uliokaa naye unasaidia, kwani sheria hutaka mtoto awe mikononi mwa mwombaji miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi. Lakini ni lazima kwanza ithibitike kwamba kurudi kwao kumeshindikana, na kwamba jamaa walitafutwa kweli. Mfumo ambao kila malezi ya kambo huishia kuasiliwa una tatizo: wazazi maskini watauogopa, na hawataomba msaada mapema.

25. Nimeona mtoto anateswa kwa mlezi wa kambo. Nifanye nini, na itahesabiwa?

Piga 116, ni bure na ni usiku na mchana, au nenda kwa afisa wa watoto, chifu au dawati la jinsia la kituo cha polisi. Sema mahali, umri wa mtoto kwa kukisia, ulichoona kwa macho na ulichosikia, na kama yuko hatarini usiku huo huo. Usimkabili mlezi kwanza. Mtoto ndiye atakayelala naye nyumba moja.

Kuhesabiwa ni suala jingine. Omba namba ya kesi, andika tarehe na saa uliyopiga, na baada ya wiki moja piga tena uitaje namba hiyo. Wakijibu kwamba hawaioni, iandikishe upya hapo hapo.